Sura ya Saba: Ushahidi wa Mama Zulmira

Barua ilifika Kericho siku ya Alhamisi, na kufikia Ijumaa adhuhuri hapakuwa na mchuma chai hata mmoja katika shamba la Kimoset ambaye hakujua rangi ya stempu yake. Wengine walisema stempu ina picha ya kasuku. Wengine wakaapa kwamba si kasuku, ni mfalme mwenye pua ndefu. Nyatichi binti Ogeto, ambaye barua ile, iliyongoja kusomwa Jumapili, ilikuwa imebeba maisha yake, aliendelea na kazi. Alilaza ufito wake wa kupimia kimo juu ya mchai, akachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na siku hiyo kikapu chake kilijaa mara tano kabla ya saa sita.

"Nyatichi," Kipngetich, karani wa mizani, alimwuliza, "wewe unachuma chai au unagombana nayo?"

"Nagombana na Jumapili. Haifiki."

Mwanamume mwenyewe aliyeleta mambo yote haya aliitwa Anselmo Tavares, Mbrazili, mpiga gitaa na mwimbaji. Alikuwa amekuja Afrika na bendi ya meli. Malaria ikamshusha Mombasa, na daktari akamwambia kama anataka kuishi apande milima mpaka ahisi baridi kwenye meno. Akapanda, akapanda, meno yakaanza kugongana Kericho. Hoteli moja ya mjini ikampa kazi ya kuchezesha wageni Jumamosi, mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa unakwisha Jumatatu.

Asubuhi moja alipita barabara ya shamba akiwa na gitaa begani, akasimama kutazama vidole vya Nyatichi. Alisimama saa nzima. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akapiga vile vidole vilivyokwenda: haraka, haraka, kituo, haraka, haraka, kituo. Wachuma wote waliinua vichwa wakacheka, kwa sababu kila mmoja alitambua mara moja. Huyo ni Nyatichi! Nyatichi mwenyewe alihisi uso unawaka. Tangu azaliwe watu walikuwa wamesifu kikapu chake, lakini hakuna aliyewahi kuisifu mikono. Na watu wa Kimoset wanaapa mpaka leo kwamba michai ya sehemu ile ilichipua siku nne kabla ya zamu yake, hata meneja akaandika Uingereza kuuliza sababu. Hajajibiwa.

Mapenzi yakaota hapo. Lakini Mzee Ogeto, nyapara wa wachumaji, hakuota nayo.

"Mpiga gitaa ni mtu wa barabarani," alisema. "Leo hapa, kesho umemsikia Nakuru. Yaya, hapana, sitaki."

Alikuwa na sababu. Dada mkubwa wa Nyatichi, Phelis, alichumbiwa na karani mmoja kutoka Londiani. Siku ya wazee wa karani kuja kuzungumza ng'ombe wa mahari, wazee wa Ogeto wameketi, uji wa wimbi umepoa kwenye vibuyu, karani alituma salamu kwa konda wa basi. Konda alishuka, akasimama mbele ya wazee, akasema: "Ameniambia niwaambie haji." Kisha akapiga mluzi basi likaondoka. Phelis alikaa ndani mwezi mzima. Ogeto hajapanda basi la Londiani tangu siku hiyo. Akiwa na shughuli huko, hutembea.

Aliyeokoa jambo ni shangazi Bitutu, dada yake Ogeto. Yeye ndiye aliyekuwa esigani wa ukoo, mtu wa kuwachunguza wachumba kabla wazee hawajafungua kinywa. Na esigani wa kweli hamwulizi mama wa mchumba. Mama gani atasema mwanangu ni mvivu? Esigani huenda kwa jirani.

"Jirani yake yuko Brazil," Ogeto alisema, akidhani amemaliza maneno.

"Basi nitamwuliza Brazil," Bitutu akasema. Akamgeukia Anselmo. "Kijana, nipe jina la jirani anayekuchukia. Anayekupenda atanidanganya."

Anselmo hakufikiri hata kidogo. "Dona Zulmira," alisema, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyejihukumu mwenyewe.

Bitutu alikwenda mjini kwa Mzee Noronha, fundi cherehani Mgoa, mtu pekee wa Kericho aliyejua kuandika Kireno. Alimwambia maneno, naye akayaandika katikati ya suruali mbili. Miezi minne ikapita. Sasa jibu lilikuwa limekuja, na Ogeto alikuwa ametoa neno lake mbele ya wote: barua ikiwa mbaya, Anselmo apande basi Jumatatu na asionekane tena Kimoset.

*

Jumapili, baada ya kanisa, Noronha alifika akiwa na suti nyeusi na bahasha kifuani. Bitutu aliikagua gundi kwanza, kuona kama imefunguliwa. Ogeto aliketi kwenye kiti chake cha mgongo mrefu. Nyatichi na mama yake, Kemuma, walikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Ukuta ule una ufa, na Nyatichi aliujua ufa ule tangu utotoni.

Anselmo hakuruhusiwa kusikia. Alikaa ng'ambo ya barabara, kwenye banda la kupimia majani, gitaa limefungwa kwenye blanketi. Kupitia mlango wa jikoni Nyatichi alimwona. Naye akamwona. Hakuna aliyetabasamu, lakini macho yao yalikaa pamoja muda mrefu, mpaka Kemuma akasema, "Mtoto, utamchosha huyo. Weka chai."

Sebuleni Noronha alivaa miwani. "Mzee Ogeto, mimi nasoma vile iko. Naongeza hapana. Napunguza hapana."

"Soma."

Noronha alikivuta Kireno kwa pumzi moja, akakitoa Kiswahili kwa pumzi mbili, kilichonyooka kuliko chake cha kila siku:

*"Kwa Bibi Bitutu, mama nisiyemjua. Umeniuliza kama namjua Anselmo, mwana wa Benedita na marehemu kinyozi. Namjua. Ukuta wao ndio ukuta wangu. Miaka ishirini sijalala vizuri kwa sababu yake."*

"Ameanza vizuri," Bitutu alisema, akijiweka sawa kitini. "Huyu ni shahidi."

*"Alikuwa na miaka minane mjomba wake seremala alipomtengenezea gitaa kwa mbao za sanduku la samaki. Lilinuka mpaka paka wa mtaa wote wakawa wanamfuata. Alipiga asubuhi, akapiga mchana. Kuku wangu kumi na wanne wakaacha kutaga. Nikamshtaki kwa padre. Padre akamwita, akamsikiliza, akampa kazi ya kupiga kanisani. Hiyo ndiyo haki ya dunia hii."*

"Kuku kumi na wanne," Ogeto alisema taratibu. "Hilo ni kosa."

"Ni kosa," Bitutu akakubali. "Endelea."

*"Alipofika miaka kumi na saba alikwenda mji mkubwa kwa miguu, siku nne, kuimba redioni. Mtaa wetu ulikuwa na redio moja, nayo ilikuwa yangu. Niliposikia ni yeye, nikaifunga. Watu wakaja dirishani. Mama yake alikuwa mbele, amevaa nguo ya kanisani. Hakuniomba. Alisimama tu. Nikaifungua. Bibi Bitutu, nakwambia kama mwanamke kwa mwanamke: mtoto yule niliyekuwa namtupia viatu aliimba, na mimi nikakaa chini sakafuni nikalia. Hilo nalo sijamsamehe."*

Jikoni, Nyatichi alibana sikio kwenye ufa. Huyo Anselmo, aliyemwambia tu kwamba "kwetu nilipigapiga kidogo"! Huyo aliyekula viazi vya kuchoma naye kando ya mtaro na kufuta mikono kwenye suruali!

*"Akawa mkubwa. Santuri zake zilipigwa mpaka Rio, jina lake likabandikwa kwenye kuta za sinema kwa herufi za kimo cha mtu. Lakini kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu, alirudi. Hakuanzia kwa wakubwa. Alifungua duka la kunyolea la baba yake, akafunga aproni, akawanyoa wazee wa mtaa mmoja mmoja mpaka jua likazama. Mimi mwenyewe nilimchungulia nikitafuta kiburi. Sikukiona. Nilikasirika sana."*

Ogeto aliinama mbele. "Ananyoa wazee? Mtu wa santuri?"

"Vile iko," Noronha alisema, akifungua ukurasa wa pili. Sauti yake ikashuka.

*"Sasa umeniuliza kama amewahi kumuumiza mwanamke. Nitajibu, kwa sababu umeuliza na kwa sababu wewe si mjinga. Alikuwa na bibi-harusi, mwimbaji wa Rio, binti wa mwenye kiwanda cha santuri. Magazeti yalitoa picha. Nguo imeshonwa, keki imepambwa, sisi wa mtaa tumenunua viatu vipya. Asubuhi ya siku ya harusi, Anselmo..."*

Mvua ya mawe ikaanguka.

Anayeijua Kericho anajua mvua hii haibishi hodi. Ilianguka juu ya mabati kama lori la kokoto. Noronha alionekana anafungua na kufunga mdomo, lakini hata yeye mwenyewe hakujisikia. Bati likavuja juu yake, akaificha barua ndani ya koti na kulikumbatia koti.

"ALIFANYA NINI?" Ogeto alipiga kelele.

Noronha akaweka mkono sikioni.

"NASEMA ALIFANYA NINI!"

Bitutu alishindwa kuvumilia. Alimtoa Noronha barua kifuani, akaikodolea macho kwa nguvu zote, kana kwamba Kireno kingemwogopa. Hakikumwogopa. Akairudisha.

Jikoni Nyatichi alikuwa amesimama kama mti. Bibi-harusi. Nguo imeshonwa. Alimwona dada yake Phelis akiwa ameketi sakafuni, akitazama vibuyu vya uji. Alijiambia, basi ni karani wa Londiani tena, tofauti ni kwamba huyu anajua kuimba. Akageuka kutazama banda. Kupitia pazia jeupe la mawe, Anselmo aliinua mkono kumsalimia.

Nyatichi hakuuinua wake.

Aliuona mkono wake unabaki hewani kidogo, kisha unashuka. Kemuma, ambaye sauti yake haikuweza kuyashinda mabati, alimshika binti yake kidevu na kumgeuza atazame ufa tena. Macho ya mama yalisema: esigani hakimbii katikati ya barua.

Hatimaye mvua ikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka safari. Noronha alipangusa miwani.

*"...Anselmo alikwenda mwenyewe kwa baba wa binti. Hakutuma mtu. Hakuacha barua. Alivua kofia mlangoni akasema: Mzee, harusi hii imetungwa na magazeti. Binti yako ana mwingine anayempenda, ila anakuogopa wewe. Mimi sitamwoa mtu anayelia. Aibu iwe yangu. Mzee yule akachukua kiti akampiga nacho usoni. Kovu analo, juu ya jicho la kushoto. Binti akaolewa na aliyemtaka, ana watoto watatu. Anselmo akafungiwa milango ya kila kiwanda cha santuri, ndipo akapanda meli. Ndivyo alivyo, Bibi Bitutu. Ubaya wake anakuletea mbele ya uso wako, si nyuma ya mgongo. Mimi simpendi. Lakini ningekuwa na binti ningempa, kisha ningehama.*

*Mwambieni kwamba kuku wangu wa sasa wamezoea redio. Siku wasipopiga wimbo wake, hawatagi. Hilo nalo ni kosa lake. Mimi, Zulmira."*

Matone yalisikika yakidondoka kwenye sufuria iliyowekwa chini ya bati.

"Alikwenda mwenyewe," Ogeto alisema.

"Alikwenda," Bitutu akajibu.

"Hakutuma konda."

"Hakutuma."

Ogeto aliondoka kitini, akaenda mlangoni, akatazama banda lile ng'ambo ya barabara. Akarudi. Akaketi. "Na akapigwa kiti?"

"Usoni," Noronha alisema.

"Mimi yule wa Londiani," Ogeto alisema, na sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ambayo Nyatichi hakuwahi kuisikia, "angekuja mwenyewe nisingempiga kiti. Ningempa uji." Kisha akasafisha koo. "Bitutu, kazi ya esigani imekwisha?"

"Imekwisha. Nyumba haina mchawi, mvivu wala mwizi. Ina kelele tu."

"Mbuya mono, vizuri sana. Sasa nani wa kwao yuko hapa? Mimi siwezi kuzungumza na gitaa."

Noronha alikunja barua mara mbili. Akavua miwani. "Mimi."

"Wewe ni Mgoa, Mzee Noronha."

"Ndiyo, mimi Mgoa. Lakini hii maisha yake nimesoma usiku tatu, kabla kuleta hapa."

Bitutu aliruka. "Gundi! Mimi niliona hii gundi ni mpya!"

"Nilifungua na mvuke ya birika," Noronha alikiri bila haya. "Nilisema kama iko mbaya, mimi nachoma, nasema posta imepoteza. Hiyo haiko kazi ya baba? Basi mimi baba yake."

Ogeto akakigeuza kiti chake chote, kikakwaruza sakafu, mpaka wakatazamana uso kwa uso, mzee kwa mzee.

"Basi, baba wa Anselmo," alisema, "ng'ombe wenu mtaleta lini?"

Jikoni Kemuma aliachia kigelegele kilichowaamsha mbwa wa laini zote tatu za nyumba za wachumaji. Alipogeuka kumkumbatia binti yake, binti hakuwepo.

*

Nyatichi alivuka barabara. Mawe ya barafu yalikuwa yamelala juu ya michai yote, bonde zima jeupe, nayo yalivunjika chini ya miguu yake. Anselmo alisimama.

"Hilo kovu," Nyatichi alisema. "Nyumbu, sivyo? Uliniambia ulianguka kutoka mgongoni mwa nyumbu."

Anselmo aligusa kovu juu ya jicho. "Si nyumbu."

"Miezi tisa namchukia nyumbu ambaye hajazaliwa!"

"Nyatichi..."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haya." Kiswahili chake kilikuwa cha hotelini na cha barabarani, na kikiwa na huzuni kilizidi kuvunjika. "Nilitaka unione mtu anaingia mlango. Si mtu ametoka."

"Na santuri? Na sinema? Huo nao ni ubaya?"

"Hayo yamekwisha. Mtu hawezi kuleta zawadi kitu kimekwisha."

Nyatichi alimtazama. Alitaka kuendelea kukasirika, kwa kuwa hasira ilikuwa imemgharimu dakika kumi mbaya kuliko zote za maisha yake, lakini kifua chake kilikuwa kimejaa kitu kingine, kinapanda kama maziwa jikoni. Mwanamume huyu. Mwanamume huyu aliyevua kofia mlangoni akaomba aibu apewe yeye.

"Jirani yako amesema yote mbele ya baba yangu," alisema. "Samaki, kuku, viatu, bibi-harusi, kiti."

Anselmo aliketi kwenye sakafu ya banda. "Dona Zulmira ameniua." Akaanza kukaza blanketi juu ya gitaa, fundo juu ya fundo. "Sawa. Kesho basi. Nitaenda bila kumsumbua mzee."

"Sijamaliza." Nyatichi alichuma tawi la mchai wa karibu, majani yametobolewa na mawe, akamwekea mkononi. "Hili limepigwa leo. Baada ya wiki mbili nitarudi hapa na kikapu, nitachuma. Mimi ni mchuma chai, Anselmo. Sijawahi kuogopa mti uliopigwa. Unachipua. Lakini usinifiche tena kitu ambacho hata jirani anakijua."

"Sitaficha."

"Apa."

"Niape kwa kitu gani?"

"Kwa kuku kumi na wanne."

Anselmo aliinua mkono wa kulia, uso wake mzito kama wa kanisani. "Kwa kuku kumi na wanne."

Hapo ndipo Nyatichi alipopanga sauti yake iwe ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Basi baba ameuliza ng'ombe."

"Ng'ombe?" Anselmo aliruka wima. "Ng'ombe gani? Mimi sijagusa ng'ombe wake! Jana nilipita tu karibu na boma, nikamwimbia mmoja kidogo..."

Nyatichi alicheka mpaka akashika nguzo ya mizani. "Wewe mtu! Sikiliza. Kwetu hakuna anayemwuliza ng'ombe mtu anayemfukuza. Mzee Noronha ameulizwa mtaleta lini. Ameulizwa kama baba yako."

Neno liliingia polepole. Nyatichi aliliona likipita machoni pake, likishuka kwenye mdomo, likifika mpaka mikononi, maana mikono ile iliyosikika mpaka Rio ilianza kuyafungua mafundo ya blanketi, moja baada ya jingine.

Mlangoni pa nyumba alikuwa amesimama Ogeto, mikono nyuma. "Wewe!" alipaza sauti. "Baridi hii unakaa nje na chombo cha mbao? Kitaoza. Ingia. Na wembe utauleta Jumapili ijayo. Wazee wa hapa wana ndevu."

Watu wa laini walikuwa wametoka milangoni, wamejifunika magunia, wanatazama. Nyatichi aliwaona wote. Aliyesema ataishia kama dada yake alikuwepo. Aliyesema Mbrazili atamwacha na wimbo alikuwepo. Akachukua gitaa kutoka mikononi mwa Anselmo, akalibeba mgongoni kama anavyobeba kikapu, akaingia barabarani, kichwa juu, barafu ikivunjika chini ya miguu yake, na yule mwanamume akimfuata hatua moja nyuma.

Kipngetich wa mizani alikuwa dirishani kwake. "Nyatichi! Leo umebeba kilo ngapi?"

"Hii haipimwi," alisema, na hakupunguza mwendo.